Kilima cha Byrsa: matembezi katika nchi ya Tunisia

Wengi wenu mmeziona picha za zamani za wamisionari wa kwanza wa Tanganyika. Padri amesimama mbele ya nyumba ya matofali, amevaa kanzu nyeupe na joho jeupe, rozari imening'inia shingoni, na kichwani kofia nyekundu isiyo na ukingo. Nilipokuwa mtoto nilifikiri kwamba mavazi yale yalitoka Ulaya. Kumbe sivyo. Ni mavazi ya watu wa Afrika ya Kaskazini, Waarabu na Waberberi, na kofia ile nyekundu hutengenezwa hata leo katika mji wa Tunis. Mafundi wake wana soko lao wenyewe, karibu na msikiti mkubwa wa Zaituna. Wanawake hufuma kofia kwa sufi, kisha huchemshwa na kugandamizwa hata nyuzi zishikamane, kisha hutiwa rangi. Nilisimama mlangoni pa fundi mmoja, nikamtazama akiisugua kofia ili ilainike, na nikajua kwamba nimefika mahali ambapo habari zetu nyingi zilianzia.

Niliishi Tunis miezi michache tu, lakini siku za mapumziko sikukaa nyumbani. Nataka kuwasimulia niliyoyaona, kwa maana nchi ile ni ya Waislamu karibu wote, na hata hivyo Mkristu wa Kongo hawezi kutembea humo kama mgeni kabisa. Tena mtu ajuaye Kiswahili husikia maneno ya kwao kila pembe: soko huitwa *suk*, kahawa *kahwa*, kitabu *ktab*, sabuni *sabun*. Muuza mboga alicheka sana nilipomweleza kwamba sisi tunaoga kwa sabuni ile ile.

Kutoka Tunis kwenda Carthage mtu hupanda treni ndogo ambayo reli yake ilifunguliwa mwaka 1872. Inapita katikati ya ziwa la chumvi, juu ya tuta jembamba, na kama una bahati utaona heroe wamesimama majini kwa mguu mmoja, wekundu-wekundu kama waridi. Vituo vina majina ya ajabu: Salammbô, Byrsa, Hannibal. Mtoto wa shule anashuka Hannibal kama sisi tunavyoshuka sokoni, wala hashangai.

Carthage ilijengwa na Wafoinike, wafanya biashara wa bahari waliotoka upande wa Lebanoni. Desturi husema ni mwaka 814 kabla ya Kristu. Mji ukatajirika kupita miji yote ya bahari ile. Bandari zake mbili zipo bado, siku hizi ni mabwawa madogo yenye maji matulivu, na watu hufunga mitumbwi yao pale. Ile ya mviringo ilikuwa ya merikebu za vita, na mwandishi wa kale Appian anasema ilikuwa na nafasi ya merikebu 220. Ukiitazama leo, huwezi kuamini. Vita na Roma vilikuwa vitatu, na katika kile cha pili Hannibal alivuka milima ya Alpi pamoja na tembo wake. Mwisho wake mnaujua: mwaka 146 kabla ya Kristu Warumi waliuteketeza mji, na watu waliobaki, 50,000 hivi, wakauzwa utumwani. Wengine husimulia kwamba Warumi walimwaga chumvi mashambani ili pasiote kitu tena. Waandishi wa zamani zile hawasemi hivyo hata kidogo. Ni hadithi ya baadaye. Moto ulitosha.

Baada ya miaka mia hivi Warumi wenyewe wakajenga upya palepale. Walikikata kilele cha kilima cha Byrsa, wakakisawazisha, na udongo ukafukia nyumba za Wafoinike zilizokuwa mteremkoni. Hivyo wale waliobomoa ndio waliotuhifadhia: leo zimefukuliwa, na unaona vyumba, ngazi, na visima vya kukinga maji ya mvua chini ya kila nyumba. Kando ya bahari kuna magofu ya nyumba za kuogea zilizojengwa siku za Kaisari Antonino, kubwa kama mtaa mzima. Maji yake yaliletwa kutoka mlima wa Zaghouan kwa mfereji wa mawe wenye urefu wa kilometri zaidi ya 100, na matao ya mfereji huo yangali yamesimama shambani, katikati ya ngano. Lakini ukipiga picha pale kwenye nyumba za kuogea, angalia upande wa kamera yako. Ikulu ya Rais iko jirani kabisa, na askari hupiga filimbi mara moja.

Nilikuwa na haraka ya kuona mahali pengine. Upande wa pili wa kilima, mbali na bahari, kuna uwanja wa michezo wa Warumi. Hautishi macho. Mawe yake mengi yalichukuliwa na watu kwa kujengea, na limebaki shimo kubwa la mviringo lenye majani, na misunobari pembeni. Watalii wengi hupita hapo kwa dakika tano. Ndipo mahali walipouawa Perpetua na Felisita, tarehe 7 Machi mwaka 203.

Perpetua alikuwa na miaka 22 hivi, mtoto wa watu wakubwa, mwenye kusoma, na mtoto mchanga kifuani. Felisita alikuwa mtumwa, naye alikuwa na mimba ya miezi minane. Walikuwa bado katekumeni walipokamatwa. Walibatizwa mikononi mwa askari. Perpetua aliandika mwenyewe habari za gereza, na maandishi hayo tunayo mpaka sasa. Ni katika maandishi ya kwanza kabisa ya mwanamke Mkristu. Anaeleza joto na giza la gereza, na jinsi alivyohangaika kwa ajili ya mtoto wake mpaka akapewa ruhusa ya kumnyonyesha humo ndani. Anaeleza baba yake, ambaye hakuwa Mkristu, alivyokuja mara kwa mara kumwomba akane: akimbusu mikono, akijitupa miguuni pake, akimwonyesha mtoto. Ni baba anayempenda binti yake, si adui. Hayo ndiyo magumu. Felisita aliogopa jambo moja tu, kwamba wenzake wangekufa bila yeye, kwa sababu sheria ilikataza kumwua mwanamke mwenye mimba. Wakasali pamoja, akajifungua mtoto wa kike kabla ya siku ile, na dada mmoja Mkristu akamchukua mtoto akamlea. Bibi na mtumwa wakaingia uwanjani pamoja, na walipoangushwa na ng'ombe mkali, Perpetua akainuka, akamshika Felisita mkono, akamwinua.

Mnamo mwaka 1875 Mapadri Weupe walifika Carthage, na mmoja wao, Padri Delattre, alifanya kazi ya kufukua magofu mpaka kufa kwake mwaka 1932. Watu wa kilima walimzoea kuwa mtu wa vumbi. Mwaka 1907, katika magofu ya kanisa la kale nje ya mji, alikuta vipande vya jiwe la marmari lililovunjika. Akaviunganisha kama mtu anayeunganisha chungu, na majina yakatokea: Saturo, Saturnino, Revokato, Sekundulo, Felisita, Perpetua. Hivyo desturi ya vitabu ilipata ushahidi wa jiwe. Katika uwanja wa michezo wamisionari walitengeneza kikanisa kidogo chini ya ardhi kwa ukumbusho wao. Nilipiga magoti hapo kidogo. Mlinzi, mzee Mwislamu, alinisubiri mbali kwa adabu, kisha akaniuliza: «Ndugu yangu, kwenu nako mnamjua yule mama?» Nikamjibu kwamba kwetu jina lake husomwa katika Misa. Akatikisa kichwa akasema: «Basi ni mtu wa hapa, na ni mtu wenu.»

Carthage ilimwona pia Sipriano, askofu aliyekatwa kichwa tarehe 14 Septemba mwaka 258. Ilimwona Agostino, aliyekuja akiwa kijana wa miaka kama 17 kusoma, naye mwenyewe anakiri jinsi alivyoishi vibaya mjini. Mwaka 383 alimdanganya mama yake Monika, akamwacha akisali usiku katika kanisa la Sipriano karibu na bahari, akapanda merikebu kwenda Roma. Nilikaa pwani jioni moja nikiwaza habari hiyo. Mama wangapi wa kwetu wamelala wakisali, na asubuhi kijana hayupo!

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua safari nzima. Mwaka 411 maaskofu walikusanyika Carthage kwa shauri kubwa, Wakatoliki upande mmoja na Wadonati upande wa pili. Walikuwa zaidi ya 550, wote wa Afrika ya Kaskazini. Fikirini, maaskofu zaidi ya 550! Mwaka 1053 Papa Leo IX aliandika kwa huzuni kwamba wamebaki watano. Mwaka 1076 Papa Gregori VII alisikia kwamba hawapatikani hata watatu wa kumweka askofu mpya wakfu. Halafu kimya.

Watu husema upesi: Waarabu walikuja na upanga, basi. Waarabu waliiteka Carthage mwaka 698, ni kweli. Lakini Misri nayo ilitekwa, tena mapema zaidi, na Wakristu wa Misri wapo mpaka leo kwa mamilioni. Kwa nini huku walikwisha? Wenye elimu hawajapatana wote, nami nitasema ninavyoona. Kwanza walikuwa wamegawanyika. Mkatoliki na Mdonati walichukiana miaka mia na zaidi, kanisa juu ya kanisa katika kijiji kimoja, hata damu ikamwagika. Kisha mwaka 439 Wavandali waliingia Carthage, wakawafukuza maaskofu na kuyatwaa makanisa. Kisha walipokuja Waarabu, matajiri na wasomi wengi walipanda merikebu wakakimbilia Italia. Bahari ni nyembamba, Sisilia iko kilometri 150 tu kutoka ncha ya nchi. Tena, na hilo naliona kubwa, Eklezya ile ilisali na kuandika kwa Kilatini. Misri walikuwa na Kikoptiki, lugha ya mkulima, na watawa wao walikaa jangwani katikati ya watu. Waberberi wa milimani hawakupata Maandiko katika lugha yao wenyewe. Walipobadilika wakubwa wa mji, hakukuwa na kitabu nyumbani.

Hata hivyo si kweli kwamba yote yalizimika siku moja. Ndiyo sababu nilikwenda Kairouan, safari ya saa mbili na nusu kusini ya Tunis, katika nchi tambarare na kavu. Mji huo ulianzishwa na Uqba bin Nafi mwaka 670, nao ni mtakatifu sana kwa Waislamu wa Afrika ya Kaskazini. Msikiti wake mkubwa, kama tunavyouona leo, ulijengwa zaidi katika karne ya 9. Kwa nje unafanana na ngome. Mgeni asiye Mwislamu huruhusiwa kuingia uani, wala haingii mahali pa kusalia, lakini milango ikiwa wazi huona ndani. Ni msitu wa nguzo, zaidi ya 400, na hakuna mbili zinazofanana kabisa: nyekundu, kijivu, nyeupe, ndefu, fupi zilizoongezewa kipande chini. Zilitolewa Carthage na miji mingine ya Warumi. Wenyeji husema kwamba atakayejaribu kuzihesabu atakuwa kipofu. Mimi niliishia kumi na saba nikaacha, si kwa hofu, ila mlinzi aliniangalia. Uani pamejengwa kwa mteremko kidogo, na maji ya mvua hukimbilia tundu moja katikati lililochongwa mashimo ya kuchuja taka kabla maji hayajaingia kisimani. Nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Pale pana ukimya wa watu waliomwomba Mungu kwa muda mrefu, na sioni aibu kuusema.

Basi katika mji huo huo wa Kairouan yamepatikana mawe ya makaburi ya Wakristu ya karne ya 11, yenye maandishi ya Kilatini. Miaka zaidi ya mia tatu baada ya Waarabu kuingia, jirani ya msikiti ule, watu walikuwa bado wanazikana kwa sala za Kikristu. Hakuna ajuaye majina ya wajukuu wao.

El Jem sitaieleza sana. Ni uwanja wa michezo wa karne ya 3, umesimama mzima-mzima katikati ya mji mdogo, na wakati wake uliweza kupokea watu 35,000 hivi. Ukifika kwa barabara unauona toka mbali kama mlima. Kila mtalii humaliza filamu yake pale, na ana haki. Lakini mimi nilikuwa nimeona shimo lenye majani la Carthage, na lile lilinitosha.

Nilirudi kwenye kilima. Kaskazini yake kidogo, juu ya jabali, ni Sidi Bou Said, kijiji cha nyumba nyeupe na milango ya buluu, ambacho sheria hukilinda rangi yake tangu mwaka 1915. Vijana huuza vishada vya asmini, na wanaume huvichomeka nyuma ya sikio bila haya. Kijiji kina jina la mcha Mungu wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1231. Wazee wengine wana hadithi ya kuchekesha. Mfalme mtakatifu Ludoviko wa Ufaransa alikuja na jeshi la msalaba, akafa chini ya kilima kwa ugonjwa wa tumbo tarehe 25 Agosti mwaka 1270. Wao wanasema hakufa. Aliona uzuri wa nchi, akasilimu, akaoa, na ndiye Sidi Bou Said mwenyewe! Tarehe hazikubali. Lakini nimependa kwamba watu walimchukua adui wao aliyekufa ugenini wakamfanya jamaa.

Juu ya Byrsa limesimama kanisa kubwa jeupe lenye minara miwili, na linaitwa kwa jina la mfalme huyo. Alilijenga Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe. Mwaka 1884 Papa Leo XIII alikirudisha kiti cha askofu mkuu wa Carthage na kumpa Lavigerie, na mwaka 1890 kanisa likawekwa wakfu. Siku hizo nchi ilikuwa chini ya Wafaransa, na lazima tuseme kweli: kwa macho ya Watunisia, kanisa lile juu ya kilima lilikuwa pia bendera ya watawala. Lakini chini ya kilima hicho hicho walisomea teolojia wengi wa wale waliokuja kwetu. Misafara ilianza mwaka 1878: kutoka Algiers kwa merikebu mpaka Unguja, kisha kwa miguu mpaka Tanganyika, na mwaka 1885 wakaipokea Mpala. Lavigerie ndiye aliyezunguka Ulaya mwaka 1888 akipiga kelele dhidi ya biashara ya watumwa katika nchi zetu. Na vijana Waafrika waliokombolewa utumwani aliwapeleka Malta wakasomee uganga. Mmoja wao, Adriani Atiman, mzaliwa wa upande wa Timbuktu, aliwatibu watu wa Karema, ng'ambo ya ziwa letu, tangu mwisho wa miaka ya 1880 mpaka alipokufa mwaka 1956. Mwaka 1917, huko Baudouinville, sasa Kirungu ya Moba, Stefano Kaoze akapadrishwa, wa kwanza katika Kongo yetu. Babu yangu, katekista, aliisimulia siku hiyo kama aliyekuwapo, ingawa hakuwapo.

Lavigerie alikufa mwaka 1892 akazikwa katika kanisa lake la Byrsa. Nilikuwa na nia ya kusali kaburini. Halimo tena. Tunisia ilijitawala mwaka 1956, na mwaka 1964 serkali na Roma wakapatana: makanisa mengi yakawa mali ya serkali, Eklezya ikabakiwa na machache, na mifupa ya Kardinali ikahamishiwa Roma, katika nyumba kuu ya Mapadri Weupe. Toka miaka ya 1990 kanisa lile limetumika kwa muziki. Siku niliyofika milango ilikuwa imefungwa. Nilizunguka ukuta mara mbili, paka alinifuata, nikachungulia kwa tundu la ufunguo nikaona giza tu. Sikukasirika. Wamisionari wenyewe walijenga juu ya magofu ya Warumi, Warumi juu ya Wafoinike. Ila nilijisikia kama mtu aliyekwenda kumsalimu babu, akaambiwa amehama.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Misa katika kanisa kuu la Tunis, lile linalotazamana na sanamu ya mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1332. Yohane Paulo II alisoma Misa humo tarehe 14 Aprili mwaka 1996. Nilidhani nitakuta wazee wachache wa Kizungu. Kumbe kanisa limejaa! Wanafunzi wa Kameruni, wafanyakazi wa Pwani ya Pembe, mabinti wa Kongo waliovaa vitenge, na ngoma kando ya altare. Mwimbaji wa kwanza alikuwa kijana wa Lubumbashi. Siku hiyo padri alitumia ile Sala ya Ekaristi ya kwanza, ndefu, ambayo wengine huiruka. Akawataja watakatifu pole pole, na alipofika kwa Felisita na Perpetua, akanyamaza kidogo, akaangalia upande wa dirisha la mashariki, upande wa Carthage, kisha akaendelea.

Nje, kwenye ngazi, mzee mmoja aliuza asmini. Nikanunua kishada kimoja, nikashuka kuelekea kituo cha treni.